Usiniite Tena Mama Lupe

Scholastique ni mbishi. Tuliseme hilo mapema tusije tukalaumiana mbele ya safari. Waliokaa naye kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu watakwambia, na wanaokaa naye sasa hapa Alief, Houston, watakwambia hivyo hivyo. Ni mwanamke mfupi, mpole wa sauti, anayecheka kwa kuziba mdomo na kiganja, lakini akishasema hapana, hata umletee mchungaji na wazee wa kanisa wote, imekwisha. Binti yake Zoé, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari, husema mama yake ni gari lisilo na rivasi.

Waliotoka naye kambini humwita Mama Heritier. Kwao Fizi, mashariki ya Kongo, mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo huwekwa kabatini. Huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mtu mzima anayemwita mwenzake jina tupu huonekana hakulelewa. Heritier ndiye aliyekuwa wa kwanza. Malaria ilimchukua kambini kabla hajaanza shule, Zoé akiwa bado mgongoni.

Matanga yalipokwisha, wanawake wa jirani walikuja wakakaa kwenye mkeka wake. Walimwambia kwa upole kwamba kuanzia sasa watamwita Mama Zoé, maana jina la marehemu lingekuwa linamtonesha kidonda kila wanapokutana bombani. Ndiyo desturi yao, na ni desturi ya huruma. Scholastique akawapikia chai, wakanywa, kisha akasema hapana. Yeye ni Mama Heritier na atakufa Mama Heritier. Walidhani ni uchungu unaosema, utapoa. Thubutu! Kila aliyemwita Mama Zoé aliongea na mgongo wake, mpaka wakachoka wao, yeye hajachoka.

Hayo ni ya kambini. Texas ni habari nyingine. Alipata kazi Stafford, kwenye kiwanda kikubwa cha udobi kinachofua mashuka ya hospitali za huku na za Sugar Land, na huko hakuna aliyemjua Heritier. Watu hudhani ukifika Amerika utajifunza Kiingereza. Wapi! Kiingereza kilikuwa ofisini, na mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa. Kule kwenye joto, kwenye mvuke na matoroli, lugha ilikuwa Kihispania, na ndicho alichojifunza Scholastique kwanza. Siku ya kwanza wakamwita Escolástica. Hakuwa na maneno ya kuwaeleza anaitwaje hasa, na alipokuja kuyapata maneno, aliona akianza tu kusema atalia mbele ya watu. Basi akanyamaza. Wakamwona Zoé, wakadhani ana mtoto mmoja tu.

Mwalimu wake wa Kihispania alikuwa Rosario, mwanamke wa San Luis Potosí huko Meksiko, mwenye mikono minene na kicheko cha kuamsha mtaa. Waliwekwa pamoja kwenye mashine ya kunyoosha. Mashine hiyo ni ndefu kama basi, inameza shuka bichi upande huu na kulitoa kavu upande wa pili, na hailishwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe hii, mwingine ile, mnatazamana, mnainua kidevu, mnaachia kwa pamoja. Ukimkosea mwenzako, shuka linaingia mkunjo na kazi yote inarudi nyuma. Kwa hiyo mtu wa upande wa pili unamjua kuliko mumeo. Unajua leo ameamka na mgongo, unajua jana aligombana na nani.

Sasa, mdomo wa Scholastique ulikataa katakata kumwita mtu mzima Rosario, hivi hivi, kama anaita kuku. Wiki ya kwanza akambembeleza mtoto wa hewani mikononi, akamwonyesha kidole mwenzake, akauliza kwa macho. Rosario akaelewa. "Lupe," akasema. Basi Scholastique akamgusa kifua akamtangazia kwamba yeye ni Mama Lupe. Rosario alicheka mpaka akaegemea toroli. Haikupita wiki, ukumbi mzima ukawa unamwita hivyo, na mwenyewe akaandika MAMA LUPE kwa kalamu nene kwenye utepe wa plasta, akaubandika kwenye chupa yake ya kahawa. Miaka ikaenda, plasta ikichakaa anabandika nyingine.

Alfajiri Rosario alimpitia Scholastique kwa pikapu yake, maana huku bila gari wewe ni mfungwa. Njiani alimfundisha lugha. Scholastique alishangaa kuambiwa kwamba kwa Kihispania shuka ni mwanamke na sabuni ni mwanamume. Aliuliza ni nani aliyekwenda kuchungulia. Rosario nusura aingie mtaroni kwa kucheka. Zoé na Lupe walikulia kwenye siti ya nyuma ya pikapu hiyo, Lupe akimfundisha Zoé hesabu, na Lupe alimwita Scholastique tía, kama sisi tunavyosema mama mdogo.

Lupe ni mtoto wa pekee. Rosario alikaa miaka bila kushika mimba, akaenda kupiga magoti kwa Bikira wa Guadalupe, akaweka nadhiri kwamba akipewa mtoto atampa jina hilo. Guadalupe kwao ni jina la wote, wa kike na wa kiume. Ukiniuliza mimi Lupe alizaliwa yupi kati ya hao wawili, sikwambii, maana Lupe hakuniomba nikwambie, na Kiswahili chetu kimeniruhusu kukaa kimya bila jasho.

Alipomaliza shule, Lupe aliingia kazini hapo hapo kiwandani, zamu ile ile, akisukuma matoroli huku akisubiri chuo. Na hapo ndipo kisa kilipoanzia.

Jumatatu moja pikapu haikuja. Scholastique alisubiri getini pa magorofa yao, akakata shauri, akakimbilia basi la barabara ya Bissonnet, akatembea kipande kilichobaki pembeni mwa barabara isiyo na njia ya miguu, malori yakimpulizia vumbi. Alifika amechelewa, amelowa jasho, lakini hakuwa na hasira. Alidhani gari limeharibika. Akamwona Rosario yuko kwenye mashine tayari, na upande wa pili amesimama mtu mwingine. Akapaza sauti kama kawaida yake, "Buenos días, Mama Lupe!"

Rosario hakugeuka. Scholastique akarudia. Ndipo akaiona chupa ya kahawa juu ya dirisha, haina plasta, imebaki alama ya gundi iliyokwanguliwa kwa kucha.

"Usiniite tena Mama Lupe," Rosario alisema akiwa bado ameshika shuka. "Mimi ni Rosario."

Wakati wa mapumziko Scholastique alimkuta Lupe nyuma ya jengo, amekaa kwenye toroli lililopinduliwa, macho mekundu. Lupe akamweleza yote. Jumapili, mezani kwa mama yake, mbele ya dada zake Rosario na sufuria ya supu ya mahindi, aliomba jambo moja. Kihispania kina neno la kumtaja mwanamume na neno la kumtaja mwanamke. Lupe tangu utotoni hakuwahi kujiona ndani ya hata mojawapo. Vijana wa sasa wana neno la tatu, elle, la mtu asiye wa upande huu wala ule, na alipolisikia mara ya kwanza alijisikia kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Akaomba atajwe hivyo. Na mama yake asiseme tena mwanangu wa kike wala mwanangu wa kiume, aseme mi hije, yaani mwanangu, basi.

Mama mdogo mmoja alicheka, akasema hilo si neno, ni ugonjwa wa shuleni. Rosario hakucheka. Alisema alizaa mtoto anayemjua, hakuzaa neno. Lupe, naye ana ulimi, akajibu kwamba kama ni hivyo, huyo anayemjua hayupo. Rosario akainuka, akachukua sahani ya mwanawe yenye chakula nusu, akaenda kuiosha. Usiku huo Lupe alikwenda kulala kwa rafiki.

Scholastique alisikiliza mpaka mwisho. Kwanza alishangaa ugomvi wenyewe. Kwao mtu ni yeye, mfalme ni yeye, mtoto aliye tumboni ni yeye, na hajawahi kusikia mtu aliyepotea kwa sababu hiyo. Lakini hakuwa mtoto mdogo. Aliona kwamba hapa hawagombanii neno tu. Naye ni mtu wa kanisa, na hakujifanya anajua asichokijua. Alimwambia Lupe waziwazi kwamba mengine haya hayaelewi, wala hatamdanganya kwamba anayaelewa. Kisha akamwomba alitamke lile neno polepole ili alishike vizuri. Alikosea, akarudia, akakosea tena. Mchana huo huo, mtu alipouliza toroli la taulo amelipeleka nani, Scholastique alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mashine kwamba ni elle, Lupe, compañere wetu, yaani mwenzetu, wa matoroli. Wengine wakacheka. Rosario alikaza midomo.

Kesho yake, asubuhi, "Buenos días, Mama Lupe."

 Keshokutwa tena, vile vile, sauti ile ile, wala si ya kejeli. Kila asubuhi alipita mbele ya ile mashine aliyoihudumia miaka yote, akasalimu, akasubiri kidogo kama mtu aliyebisha hodi, akaenda zake kwenye meza ya kukunjia taulo alikohamishiwa. Rosario hakuitikia na pikapu haikurudi. Scholastique alitembea na jua la Texas likimpiga utosini, miguu ikavimba, na alimkasirikia Rosario kweli kweli. Njiani alimtukana kwa Kibembe, lugha ambayo Rosario hakuwahi kufundishwa. Lakini kumwita jina jingine, ng'o!

Siku moja alimkuta chooni analia, bomba la maji limefunguliwa ili watu wasisikie. Scholastique alisimama nje ya mlango, mkono umeinuka kugonga, akauteremsha. Alimwonea huruma. Mtu asiyempenda mwanawe hafungui bomba ili alie.

Supavaiza wa zamu alikuwa Vital, Mkongomani wa Uvira na mzee wa kanisa, anayependa amani kuliko anavyopenda ukweli. Humwita dada Scholastique, kwa sababu alijaribu Mama Zoé mara mbili hakuitikiwa. Alimwita kando akamwambia aachane na habari za watu. Familia ina siri zake, Biblia ina maneno yake, na zaidi ya yote mashine ina kasi yake, na tangu wawili hao watengane mashuka yanatoka na mikunjo. Akamkumbusha kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

"Na uchungu wa mwana, mzee Vital, aujuaye mzazi," Scholastique akamjibu, akarudi kwenye taulo zake.

Nyumbani nako Zoé alikuwa na yake. Alimpaka mama yake mafuta ya karafuu miguuni, akamwambia kwa mchanganyiko wao wa kila siku kwamba ile ni family yao, asi-push sana, Lupe mwenyewe ameshachoka. Scholastique akauliza amechoka vipi. Zoé akatazama pembeni. Kumbe Lupe amepata chumba kwa rafiki huko Arlington, upande wa Dallas, na kazi ya ghalani. Ijumaa anaondoka.

Kesho yake Lupe mwenyewe alimthibitishia. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomtisha Scholastique, maana mtu mwenye hasira bado ana jambo analolitaka. Alisema anaondoka bila kumuaga mama yake, na akiondoka hivi harudi. Si Krismasi, si msibani. Akatoa mfukoni ufunguo wa nyumba ya mama yake, wenye kikamba cha kijani, akaomba tía amkabidhi Rosario yeye akishafika mbali.

"Sishiki," Scholastique alisema, akaweka mikono nyuma kama mtoto anayekataa dawa. "Ufunguo wa kwa mama yako haurudishwi na mtu mwingine. Ukitaka kuurudisha, mpe mwenyewe, umtazame usoni."

Lupe akasema hataweza.

"Basi kaa nao."

Ijumaa ikafika. Asubuhi Scholastique alisalimu kama kawaida, akanyimwa jibu kama kawaida. Mchana akawa anamwona Lupe akipita na matoroli, akiwaaga watu mmoja mmoja kwa kuwagusa bega, akizunguka mbali na mashine ya kunyoosha. Rosario aliona. Asikudanganye mtu, aliona kila bega. Mashuka yalikuwa yanamtoroka mikononi.

Mwenzake wa Rosario alipokwenda kunywa maji, Scholastique aliacha taulo, akavuka ukumbi, akashika pembe ya pili ya shuka. Rosario akamtazama. Miaka ile yote ikawarudia mikononi. Wakainua kidevu kwa pamoja, kwa mazoea tu, na Rosario akataka kuachia. Scholastique hakuachia. Shuka likakazika kati yao, na kabla mashine haijalivuta, alinyoosha mkono wake mwingine akabonyeza kitufe chekundu.

Kitufe hicho hakibonyezwi ila mkono wa mtu ukishikwa. Mashine ikalia, ikasimama. Ukumbi mzima ukanyamaza, na kimya hicho wengi hawakuwahi kukisikia humo ndani. Vital akaja mbio, uso umempauka, akiuliza ni mkono wa nani.

"Mikono ipo yote," Scholastique akamwambia. "Nipe dakika mbili, mzee Vital. Baadaye uniandikie onyo lolote unalotaka."

Vital akamwangalia usoni, akarudi nyuma hatua mbili. Anamjua.

Scholastique akamgeukia Rosario. Sauti yake haikupanda. Alisema kwa Kihispania chake cha kiwandani, chenye makosa yake, ambacho Rosario mwenyewe ndiye aliyempa.

"Wewe unamjua Zoé, ukadhani ndiye wangu wa kwanza. Siye. Wa kwanza ni Heritier. Amezikwa kambini, na mimi naitwa Mama Heritier. Alipokufa, wanawake wenzangu walitaka kulibadilisha jina langu ili nisiumie. Nilikataa. Walikuwa wanaondoa kitu cha mwisho alichonipa."

 Shuka lilikuwa bado mikononi mwao.

"Mimi nimeng'ang'ania jina la mtoto ambaye haitiki," Scholastique akaendelea, na sasa machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. "Wewe umelikwangua kwa kucha jina la mtoto aliye hapo anasukuma toroli. Leo nikirudishiwa Heritier kwa sharti la neno moja, neno lolote, la lugha yoyote, nitalisema mpaka ulimi utoke damu. Mtoto aliye hai hazikwi kwa mdomo, Mama Lupe."

 Rosario aliongea chini sana, kama mtu anayeungama.

"Na yule niliyemwomba kwa Bikira? Nikilisema hilo neno, yeye namweka wapi?"

"Ndiye huyo huyo. Hujapewa wawili."

Rosario akaachia shuka. Likaanguka sakafuni, shuka safi, la kurudiwa kufuliwa. Akavua glavu, akapita katikati ya watu, akatoka mlango wa nyuma. Walisikia pikapu ikiwaka. Lupe alikuwa amesimama kwenye pembe ya ukumbi, mkono kwenye toroli, na hakuna aliyejua amesikia kiasi gani. Vital akawasha mashine.

Zamu ilipokwisha, gari la rafiki lilikuwa linasubiri nje, mabegi yameshapakiwa. Nafasi ya pikapu ya Rosario ilikuwa tupu. Lupe akamkumbatia Scholastique, akajaribu kwa mara ya mwisho kumtia ufunguo kiganjani. Scholastique akakunja ngumi. Akamfungua Lupe mfuko wa shati, akautumbukiza humo, akafunga kishikizo kwa vidole vyake mwenyewe.

Gari likaondoka. Scholastique akatembea kwenda kituoni, na aliona ameshindwa, na aibu juu. Ameitoa siri ya mtoto wake mbele ya ukumbi mzima, na amepata nini? Rafiki ameondoka kwa mlango wa nyuma, na mtoto ameondoka kwa mlango wa mbele. Usiku hakula. Zoé alipomuuliza, alisema ni miguu.

Jumatatu, giza bado, honi ikalia getini. Scholastique aliitambua kabla hajafungua pazia, maana honi ya pikapu ile ina kikohozi. Hakukimbia. Alivaa viatu, akafunga kilemba vizuri, akashuka ngazi kama mtu asiye na haraka. Ubishi nao una heshima zake.

Rosario hakusalimu. Waliingia barabarani. Walipopita taa za Bissonnet ndipo akaanza kusema, macho mbele. Jumamosi aliendesha mpaka Arlington. Zoé ndiye aliyempa anwani. Scholastique akageuka kumtazama, hakujua hilo. Njia nzima, Rosario alisema, alikuwa anajifundisha kulitamka neno lile peke yake ndani ya gari, kwa sauti, huku madereva wa malori wakimtazama. Alipofunguliwa mlango akalikosea. Akaanza upya, akalikosea tena, akakaa chini kwenye ngazi akalia. Lupe akaja kukaa pembeni yake, akasubiri. Mara ya tatu likatoka. Mi hije.

"Atarudi?" Scholastique akauliza.

Rosario akasema harudi. Amepapenda Arlington, ana maisha yake. Lakini Desemba, sikukuu ya Bikira, atakuja nyumbani, na alipomuuliza kama amfungulie mlango, Lupe alijipapasa mfukoni akasema ufunguo anao. Rosario hasemeshwi na dada zake tangu jana, walipojua. Na yeye mwenyewe, alisema, bado ulimi unamponyoka kila mara, na kila ukiponyoka anarudia sentensi nzima tangu mwanzo, kama Scholastique alivyokuwa akifanya alipojifunza shuka na sabuni. Scholastique akaziba mdomo kwa kiganja.

Kazini Vital alimkabidhi Scholastique onyo lake, kama alivyoomba mwenyewe, kisha bila kumtazama akamrudisha kwenye mashine ya kunyoosha. Juu ya dirisha ile chupa ya kahawa ilikuwa na plasta mpya, herufi kubwa kuliko za zamani.

Walishika pembe zao. Mashine ilikuwa imeshapata moto, watu wamejaa ukumbini, na kulikuwa na mfanyakazi mgeni, mwanamke wa Hondurasi, aliyewekwa karibu nao ili ajifunze. Rosario hakuinua kidevu. Alipaza ile sauti yake ya kuamsha mtaa, juu ya kelele zote.

"Buenos días, Mama Heritier."

Kalisema vibaya, kwa ulimi wa Kimeksiko, lakini kalisema lote.  Katika nchi hii yote, nje ya wale wachache wa kambini, hakuna mdomo uliowahi kulitamka jina lile. Mgeni wa Hondurasi, ambaye hakujua kitu, akauliza Heritier ni nani.

"Ni mwanawe wa kwanza," Rosario akamjibu.

Kisha akamtazama mwenzake, akasubiri ajipanguse macho kwa mkono wa nguo, na alipokuwa tayari wakainua kidevu, wakaachia kwa pamoja.